Nyuki "mpya" si lazima awe mgeni

Huenda unajiuliza inawezekanaje nyuki agunduliwe leo ilhali yupo siku zote. Chukua nyuki aitwaye Leioproctus zephyr wa Australia Magharibi. Vielelezo vyake vilikusanywa tangu 1979, lakini vilikaa tu makumbusho hadi mtafiti Kit Prendergast alipovichunguza na kumpa jina mwaka 2022, jina la mbwa wake Zephyr. Kinachomtambulisha ni sehemu ya uso iliyochomoza kama pua. Tena anaishi hadi ndani ya jiji la Perth, kwenye vipande vya pori vilivyobaki!

Nyuki wa kundi hili la Leioproctus hawana mzinga, malkia wala vibarua. Kila jike huchimba kiota chake ardhini peke yake, akaandaa vyumba, akaweka chavua na nekta, akataga yai moja kila chumba na kukifunga. Nyuki wa familia yao ya kibayolojia, Colletidae, hupaka kuta za vyumba utando usiopitisha maji, ustadi unaonishangaza kila nikiufikiria.

Kuhusu kuumwa, usiogope: nyuki huyu hana asali ya kulinda, na ni nadra sana jike kuuma asipobanwa. Ukiona vishimo vyao, tafadhali usivifukie wala kupuliza dawa.