Aliyesifu Bado Hajanunua: Niliyojifunza Nikilea Biashara Changa Tanga

Kwa miaka sita nimekuwa nikiwalea vijana wanaoanzisha biashara hapa Tanga mjini, na kila tunapokutana swali langu la kwanza ni lile lile: tangu tulipoachana, ni nani ametoa fedha mfukoni mwake akakupa? Siulizi programu imefikia wapi wala nembo imechorwa kwa rangi gani.

Swali hilo lilinigharimu. Kabla sijawa mlezi wa mtu yeyote, nilikuwa na wazo la kuwapelekea watu wa Chumbageni na Raskazone samaki wabichi kutoka diko la Deep Sea hadi mlangoni. Niliwauliza majirani, mashemeji na watu ninaosali nao, na wote waliniambia wazo ni zuri, Mungu anijaalie. Kwa kuyategemea majibu hayo nikamlipa fundi wa programu za simu, nikanunua madeli mawili ya barafu, kisha nikakaa miezi saba nikisubiri kazi ikamilike. Ilipokamilika, walioagiza mwezi wa kwanza walikuwa wanne, na wawili kati yao walikuwa jamaa zangu.

Watu wale hawakunidanganya. Adabu ya pwani haimruhusu mtu kumvunja moyo mwenzake usoni. Ukimwonyesha jirani kazi yako atakuombea heri, na dua ile ni ya kweli, ila haina oda ndani yake. Mlezi wa biashara katika mji kama huu anapaswa kuanzia hapo, kwa sababu kijana akitumwa tu akawaulize watu kama watanunua, atarudi na daftari limejaa baraka. Mimi huwashauri waulize yaliyokwisha kutokea: mara ya mwisho ulinunua samaki lini, kwa nani, kwa kiasi gani, na ni jambo gani lilikuudhi? Anayesimulia jana yake hana haja ya kukustahi. Nilipokuja kuuliza hivyo, kwa kuchelewa, niligundua kwamba wengi walikuwa na mchuuzi wao wa baiskeli anayepita asubuhi na kuwakopesha hadi mwisho wa mwezi. Nilidhani ninashindana na umbali wa kwenda Deep Sea, kumbe nilikuwa nikishindana na mkopo na mazoea ya miaka.

Asili ya mbinu ninazozitumia sasa ni viwanda vya magari vya Toyota nchini Japani, ambako baada ya Vita vya Pili vya Dunia mhandisi Taiichi Ohno aliongoza ujenzi wa mfumo wa kutengeneza kinachohitajika tu, kwa kiasi kinachohitajika, wakati kinapohitajika. Wajapani huuita upotevu muda, neno lisilo na undugu na letu ingawa herufi ni zile zile, na mimi hulikumbuka kila nikiihesabu miezi yangu saba. Ohno alitaja aina saba za upotevu, na aliyoiona mbaya kuliko zote ni kuzalisha kupita mahitaji, kwa kuwa huzaa na kuzificha nyingine. Kiwanda cha magari walau kina hakika kwamba magari yanatakiwa. Kampuni changa haijui hata kama mteja wake yupo, kwa hiyo upotevu wake mkubwa ni kukitengeneza kwa ustadi kitu ambacho hakuna aliyekiulizia.

Mwaka 1999 Mmarekani Nick Swinmurn, aliyeanzisha kampuni ya Zappos, alitaka kujua kama watu wangenunua viatu kupitia intaneti. Alipiga picha viatu vya maduka ya karibu akaviweka kwenye tovuti, na mtu alipoagiza, yeye alikwenda dukani kuvinunua kisha akamtumia. Hakuwa na ghala lolote, lakini jibu alilipata.

Mwaka jana ndugu wawili kutoka Muheza walinijia wakitaka kukopa ili wanunue mashine ya kusindika juisi ya machungwa. Niliwaomba waahirishe mkopo kwa wiki nne, wakamue kwa mkono na kuwapelekea mama lishe watatu wa Ngamiani siku hiyo hiyo, kwa usafi kamili, maana jaribio kuwa dogo si ruhusa ya kuhatarisha afya ya mtu. Katika daftari waliandika, kabla ya kuuza glasi moja: kila mama lishe atachukua lita tano kwa siku na kulipa jioni, wakishindwa wawili, tumekosea. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu kuandikwa, na ndilo ninalolisimamia zaidi, kwa sababu bila hilo kila matokeo hugeuzwa yakawa ushindi.

Wiki ya kwanza alilipa mmoja tu. Mwingine alisema juisi inachacha kabla ya saa nane. Wa tatu, ambaye hakuwahi kuisifu, aliuliza kama wanaweza kumletea machungwa yaliyochaguliwa na kuoshwa, kwa kuwa wateja wake wanaiamini juisi wanayoiona ikikamuliwa mbele yao. Waliandika neno lake kama alivyolitamka, na ukurasa ule bado una doa la juisi. Leo wanasambaza machungwa kila alfajiri, na mashine hawajainunua.

Nilikuwa karibu kuwaambia waache kabisa ile wiki ya kwanza, na hakika wangeacha, kwani vijana wetu huniita mzee na hawabishani na mzee. Heshima ile ile inayomfanya jirani akusifu humfanya kijana akubali kila ninachosema, hata kama mteja wake amemwambia kinyume. Kwa sababu hiyo sitoi tena maoni kabla daftari halijafunguliwa. Jumamosi iliyopita waliniuliza naonaje wakiongeza maembe, nami nikawaomba wanisomee kwanza waliyoandika Ijumaa.