Jembe la kung'olea mihogo: fremu chomelea, kisu funga bolti

Wadau wa mihogo, hasa nyie wa Kasulu na Kibondo mnaoniuliza kila siku kuhusu lile jembe langu la trekta, ngoja niseme yote hapa. Fremu sio ishu, fundi yeyote mwenye mashine ya weldingi na grenda anaiunga, nunua tu boksi paipu nene, sio zile za madirisha. Ishu ni kisu.

Wengi tunatumia springi ya lori, chuma chake kigumu na kwenye skrepa ipo. Sasa fundi atataka aichomelee moja kwa moja kwenye miguu ya fremu maana ndo haraka, mkatalie. Springi ina kaboni nyingi, ukiichoma ikiwa baridi halafu ikapoa ghafla, pembeni ya mshono panakuwa pakavu panavunjika kama biskuti, na hapavunjikii gereji, panavunjikia katikati ya shamba na trekta ni ya kukodi. Changu kimefungwa kwa bolti. Drili itagoma, kwa hiyo pale pa kutoboa papashwe moto mpaka pawe pekundu, ifukie kwenye majivu ipoe yenyewe mpaka kesho yake, ndo utoboe. Kikiisha makali unafungua unaweka kingine, hakuna kubembeleza fundi.

Miguu inayobeba mzigo ichomelewe kwa fimbo za weldingi zenye namba 7018 na ziwe kavu, masika ukiziacha wazi zinanyonya unyevu. Na vaa kioo jamani, huu mtindo wa kugeuza uso pembeni usiku unalia wewe.

Pini za kushikiza jembe pima kwenye trekta yenyewe, zile za mikono ya chini ya kunyanyulia nyuma, kwa trekta ndogo huwa milimita 22, kwa trekta kubwa zaidi ni 28. Kisu kilale, nyuzi 20 hivi, kikisimama kinasukuma udongo tu na kukata mihogo, kinatakiwa kipite chini yake kabisa. Nyuma chomelea vipande vya nondo vinavyopanda kidogo, uache nafasi udongo udondoke mihogo ibaki juu.

Kabla trekta haijaingia kata miti ya mihogo ubakize visiki vya kushika. Halafu using'oe shamba zima kwa sababu tu jembe linakimbia, muhogo siku mbili tatu nje unaanza mistari ya bluu ndani na mnunuzi wa makopa (mihogo iliyomenywa ikakaushwa) anauona, mi naita wamenyaji kwanza, wakishafika ndo nampigia dereva.