Maswali ya Fundi: Vitufe vitatu vimebonyezwa, kompyuta inasoma vinne

SWALI: Kompyuta yangu inatumia prosesa ya Z80, 4 MHz, na kibodi ina vitufe 64: safu mlalo 8, safu wima 8. Safu mlalo zinaendeshwa na chipu 74HC574, inayoweka kila safu juu (5V) au chini (0). Safu wima zinasomwa na chipu 74LS244, kila moja ikiwa na rezista ya 10k kwenda 5V. Nikibonyeza Q, A na S pamoja, W nayo inajitokeza, ila si kila mara. Tena 574 inapata moto. Nibadili chipu? – Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Usiibadili, haina kosa. Q na W zimo safu mlalo moja, A na S safu ya chini yake; Q na A zimo safu wima moja, W na S nyingine. Programu ikishusha safu ya Q hadi 0 ili kuisoma, umeme wa safu wima ya S unapita kwenye S, unarudi kwa A, unashukia Q. Kompyuta inaona safu wima hiyo imeshuka, inaandika W.

Kwa nini si kila mara? Kwa sababu safu ya A inashikiliwa juu na 574 hiyohiyo. Mguu mmoja unavuta kwenda 5V, mwingine kwenda 0, volti inaganda katikati. Moto unatoka hapo, na Q na A peke yake zinatosha kuuleta.

Dawa ni daiodi 1N4148, inayopitisha umeme upande mmoja tu, moja kwa kila kitufe, yaani 64, mstari mweusi ukielekea safu mlalo. Ukigeuza moja, kitufe chake kinakuwa bubu. Wapo watakaokwambia 8 zinatosha, moja kwa kila safu mlalo, kama ilivyokuwa kompyuta ya nyumbani ZX Spectrum ya 1982. Hizo zitaokoa 574, lakini W itazidi: sasa itatokea kila mara.

Kuna mtego hapa. Daiodi inabakiza kama 0.6V, na 74LS244 inahesabu 0 chini ya 0.8V tu. Nafasi iliyobaki ni finyu mno. Weka 74HC244, miguu ni ileile, nayo inakubali hadi karibu 1.5V. Dukani usipokee 74HCT244. Mpaka wake ni uleule wa LS.

Kabla ya kuwasha, chomoa waya wa kibodi, weka mita kwenye alama ya daiodi, ncha nyekundu safu wima, nyeusi safu mlalo. Kila kitufe kikibonyezwa kisome karibu 0.6. Kazi ya kuchosha, lakini ifanye kwa vyote 64.

SWALI: Nabonyeza mara moja, herufi zinatoka mbili au tatu. – Msomaji, Pongwe

JIBU: Vyuma vya kitufe vinadunda kabla ya kutulia. Soma kibodi kila milisekunde 10, ukubali kitufe kikionekana mara mbili mfululizo. Kwa kibodi kuukuu iliyokaa na hewa ya chumvi, safisha kwanza kwa spiriti na mswaki. Msasa unakwangua mguso.

Kama herufi ya ziada ni ya safu jirani, hapo programu inasoma haraka mno: safu wima haijarudi juu. Weka NOP 5 (amri tupu za kusubiri) kati ya OUT inayoshusha safu na IN inayosoma.