Nina Grade I, naambiwa niko chini ya Level III

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi fundi umeme, nipo Morogoro, nina cheti cha Trade Test (ule mtihani wa zamani wa ufundi) Grade I cha mwaka 1998. Juzi nimepeleka maombi ya kazi sehemu, tangazo linataka NVA Level III, hivi vyeti vya ufundi stadi vya siku hizi, kijana aliyepokea akakiangalia cheti akasema mzee hii ni moja, sisi tunataka tatu. Yaani vijana wa level three nimewafundisha kazi mwenyewe leo niwe chini yao? Shemeji naye ananiambia Mombasa kuna kazi ila wanataka Level 6, hiyo ndo nini? Na digrii naweza kufika kweli?

JIBU: Pole kaka. Huyo kijana kasoma namba tu hata hajauliza. Trade test za zamani zilihesabiwa kushuka, unaanza Grade III, unapanda II, ukifika I umemaliza. NVA zimegeuza, Level I ndo ya kuanzia na III ndo ya juu. Kwa hiyo Grade I yako inakaa pale pale kwenye Level III, hujapitwa na mtu. Ila usiende kubishana naye kaunta, chukua cheti orijino nenda VETA, mamlaka ya ufundi stadi, ukaulizie ulinganifu wake kwa maandishi, wakikuelekeza NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, nenda, maana siku hizi hilo baraza ndo linasimamia na ufundi stadi pia. Karatasi hiyo utaihitaji tena huko mbele.

Sasa digrii. Ukitoka NVA III unaombea NTA 4 chuo cha ufundi (NTA ni ngazi za vyuo vya ufundi, kutoka cheti hadi digrii), halafu 5, halafu 6 ambayo ndo diploma, kwa kawaida kila moja ni mwaka mmoja. Vyuo vingine watataka na cheti cha form four, uliza kabla hujalipa hela ya fomu. Baada ya diploma, TCU, yaani tume ya vyuo vikuu, wanataka angalau GPA (wastani wa alama za diploma) ya 3.0 na D nne za form four, na hapa ndo pazuri kwako, mtu ambaye D hazikufika nne anaweza kubebwa na NVA Level III, ndo maana nimesisitiza ile karatasi. Hicho ni kiwango cha chini tu lakini, kozi za uhandisi huwa zinaongeza masharti yao.

Ya Mombasa: Level 6 ya Kenya ni diploma, sawa na NTA 6 yetu, kwa sasa huna. Fundi wa cheti kwao yupo Level 4 au 5. Ukipanda juu ya hapo namba zinaachana kabisa, 7 yao ni digrii wakati kwetu 7 ni higher diploma na digrii ni 8. Kwahiyo kwenye barua ya maombi andika jina zima la cheti, nchi na mwaka, usiwaachie namba peke yake. Mwambie na shemeji akutumie tangazo lenyewe, huenda kuna nafasi za fundi humo humo hajazisoma.