Mboji kwenye mchanga wa Mombasa: tatizo ni maji

Ukiimwaga samadi ya mbuzi moja kwa moja kwenye mchanga wa Kisauni au Bamburi, mvua chache za masika zinaishusha chini na mchicha unabaki na umanjano wake. Mchanga huu unaolalia mawe ya matumbawe hauna cha kushikia maji wala chakula cha mmea. Mboji ndiyo inayoshika. Lakini mabiwi mengi, yaani malundo ya kuozeshea mboji, hufa kabla ya kuiva, na karibu kila mara kinachoyaua ni ukavu, hasa miezi ya kaskazi.

Kwa hiyo anza na kivuli. Chini ya mwembe au mkungu panafaa, ila si karibu na mnazi. Sababu iko mbele. Biwi liwe na upana wa mita 1.2 kila upande na kimo cha kifua. Likiwa chini ya mita 1 halishiki joto, upepo unalipitia tu.

Pima kwa debe la lita 20: madebe 40 ya vitu vikavu, 20 ya samadi ya ng'ombe au mbuzi, 20 ya vitu vibichi. Samadi ya kuku ni kali, tumia madebe 10 na uongeze majani makavu. Ya mbuzi iloweke usiku kucha kisha uiponde. Vile vidonge vigumu vikiingia vikavu, miezi 3 baadaye utavikuta vilevile, na ukikivunja kimoja ndani ni unga mkavu.

Vikavu ni majani ya mwembe, nyasi, makuti chakavu yaliyokatwakatwa kwa panga. Vumbi la mbao lisizidi madebe 4, kwani linaoza polepole na kuibia biwi nguvu ya samadi. Makumbi ya nazi mazima usitie kabisa, yatakaa zaidi ya mwaka. Nyuzi zake zilizochambuliwa ni sawa. Vibichi ni magugu yasiyo na mbegu, migomba iliyokatwa vipande vya kidole, maganda ya muhogo na maembe, machicha ya nazi. Matumbo ya samaki yaache: kunguru na paka watalifumua biwi siku hiyohiyo. Mavi ya mbwa na paka pia yasiingie, yana minyoo ya kudhuru watu.

Mwani wa ufuoni ni mzuri sana, lakini utandaze kwanza unyeshewe au uusuuze mara mbili kwa maji yasiyo na chumvi, na usizidi sehemu 1 kwa 10. Jivu usitie. Ardhi ya matumbawe ina chokaa ya kutosha, na jivu likikutana na samadi mbichi linafukuza naitrojeni hewani.

Chini kabisa panga vijiti na uti wa makuti ili hewa ipite. Kisha tabaka la vikavu la sentimita 20, vibichi 10, samadi 10, na konzi chache za mboji ya zamani. Kila tabaka linyunyizie kabla ya kuweka jingine, maana ukimwaga maji juu biwi likishaisha, yanapita pembeni na katikati panabaki pakavu. Biwi hili litakunywa mitungi 10 au zaidi. Maji yakiwa ya kununua, tumia yale ya kuoshea mchele na mboga, yasiyo na sabuni. Ya kisima yenye chumvi yaepuke kadiri unavyoweza: maji huondoka kwa mvuke, chumvi hubaki. Chukua konzi uikamue kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu, imetosha, yakichuruzika, yamezidi. Funika kwa makuti au magunia, si nailoni.

Chomeka nondo hadi katikati. Siku ya 3 au ya 4 ichomoe: usipoweza kuishika, joto limefika nyuzi 60 hivi, na hapo mbegu nyingi za magugu hufa. Geuza biwi baada ya siku 7 hadi 10, cha nje kiingie ndani, kisha kila wiki mara 3 zaidi, ukirudishia maji. Halafu liache litulie wiki 4 hadi 6.

Ukifumua ukakuta unga mweupe kama jivu, biwi halikuungua; ni viumbe vidogo vinavyopenda joto, na vikitapakaa hivyo ni dalili kwamba ndani pamekauka. Geuza umwagie maji. Harufu inayochoma pua kama mkojo maana yake samadi imezidi, ongeza vikavu. Harufu ya yai viza maana yake hewa imekosekana, geuza na uchanganye vitu vikavu vyenye uwazi. Likikataa kupata moto kabisa, ama ni dogo, ama limekauka, ama samadi ni ya zamani mno.

Sasa kuhusu mnazi. Biwi lililopoa na kusahauliwa ni kitalu cha chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa moyo wa mnazi. Viluwiluwi vyake ni vinene kama kidole gumba, vyeupe, vichwa vya kahawia, vimejikunja nusu duara. Ukiviona uviokote vyote uwape kuku. Mabiwi ya samadi yaliyolala mwaka mzima bila kuguswa ndiyo yanayolea wadudu hawa, na minazi ya jirani ndiyo inayolipa.

Mboji iliyoiva ni nyeusi, inamomonyoka, na jani hulitambui tena. Jaza nusu chupa ya mdomo mpana ikiwa na unyevu, funga siku 3 kivulini, kisha ufungue na kunusa. Ikinuka udongo uliopata mvua, tumia. Ikinuka uvundo, irudishe. Madebe 80 yatakupa kama 35. Kwa mita 1 ya mraba tia debe 1 na nusu, chimbia sentimita 15, na urudie kila msimu, kwa sababu joto la huku linaila mboji haraka. Kwa sukuma wiki zilizokwisha kushika, tandaza juu tu, umbali wa vidole vinne kutoka shina, kisha ufunike kwa nyasi jua lisiikaushe.