Nani anamlipa nani kwenye intaneti?
Ndugu, umeuliza kama mtandao unaopokea data huudai ule ulioituma, kama ilivyo kwenye simu. Kwa kawaida hapana. Hakuna anayehesabu kila pakiti (kifurushi kidogo cha data) na kumpelekea mwenzake ankara.

Mitandao inayokaribiana ukubwa huunganishwa moja kwa moja, mara nyingi kwenye kituo cha kubadilishana trafiki, na kila mmoja huhudumia wateja wa mwenzake bure. Mdogo anayetaka kufika dunia nzima hununua njia kwa mkubwa, na hulipa iwe data inaingia au inatoka.

Hesabu yake ndiyo tamu. Kasi hupimwa kila dakika 5. Mwisho wa mwezi vipimo hupangwa kuanzia cha juu kabisa, asilimia 5 ya juu hutupwa, na bili hutokana na kipimo kinachofuata. Maana yake, kwa mwezi wa siku 30 una kama saa 36 za kujimwaga bila kuongezewa hata senti. Ukizidisha hapo, umeumia.

Ugomvi huanza mmoja anapoona anabebeshwa mzigo. Oktoba 2005, kule Marekani, kampuni ya mtandao Level 3 ilikata muunganisho wake na mwenzake Cogent, na baadhi ya wateja wa pande hizo mbili wakawa hawafikiani. Mwaka 2014 Netflix, inayorusha filamu mtandaoni, ilikubali kuilipa Comcast, inayowauzia watu intaneti majumbani, ili iunganishwe nayo moja kwa moja. Hapo aliyelipa ni mtumaji, kwa hiyo lile “hapana” langu la juu usilifanye msahafu.