Kutoka Tanga hadi Muscat

Dada yangu, umeuliza safari ya mama kutoka Tanga hadi Muscat itachukua muda gani. Kwa njia ya anga, Dar es Salaam na Muscat zimeachana kwa takriban kilomita 4,000, na ndege isiyotua njiani huumaliza mwendo huo kwa saa tano na nusu hivi. Tiketi ikionyesha kuondoka saa nne asubuhi na kufika saa kumi na nusu jioni, usishtuke, kwani saa za Omani zimetangulia zetu kwa saa moja. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni basi la kupitia Segera na Chalinze, kilomita zipatazo 350, ambalo laweza kuchukua muda uleule. Tafadhali, mama atangulie Dar siku moja kabla.